Utepe Usiolalamikiwa

Ardis Tollefsrud alikuwa na dole gumba ambalo kiwanda kizima kililisikiliza kuliko kilivyomsikiliza meneja. Sisemi hivyo kumkosea meneja adabu. Meneja mwenyewe alikuwa akisema hivyo.

Kiwanda kilikuwa kikitengeneza utepe wa karatasi wa kunata, ule wa rangi ya maziwa yaliyoungua, ambao mafundi rangi huubandika pasipotakiwa rangi kisha wakaubandua. Kwa miaka ishirini na miwili kazi ya Ardis ilikuwa kuubandika, kuubandua, kuuning'inizia mawe ya mizani na kuandika yaliyotokea. Lakini kabla ya kuugusisha kwenye mashine yoyote aliugusisha dole gumba lake la kulia. Aliliweka juu ya gundi taratibu, akaliinua, akafumba macho. "Huu bado," angesema, akaenda zake kunywa maji. Baada ya saa mbili mashine nayo ingesema bado.

Utepe mzuri, alikuwa akiwaambia wafanyakazi wapya, una kazi tatu: kunasa, kushikilia, na kuachia. Kunasa papo hapo unapobonyezwa, kushikilia muda wote unaotakiwa, na kuachia bila kinyongo ukiambiwa toka. Wengi wetu tunaweza mbili tu kati ya hizo. Mume wake, Palmer, aliwahi kusikia maneno hayo akiwa mezani, akatafuna, akameza, akasema, "Eeh." Kwa Palmer hiyo ilikuwa hotuba.

Sasa ni lazima niwaseme kidogo watu wa mji wetu, Tunby, la sivyo hamtaelewa kosa lilivyofanyika. Ni wajukuu wa Wanorwe, Walutheri mpaka kwenye uboho, na hawana neno baya. Simaanishi hawana baya moyoni, wanalo kama binadamu wote. Namaanisha halitoki. Ukimkanyaga mtu wa Tunby atakuomba radhi kwa kuuweka mguu wake pale. Ukimpikia chakula kibovu atasema, "Hiki ni cha aina yake," na ataomba aongezewe ili usijisikie vibaya. Nimeishi nao miaka thelathini na mmoja na nimewahi kuongezea watu wengi, mpaka siku nilipoambiwa maana yake.

Na wana desturi ya mabakuli. Mtu akifa, akioa, akibatiza au akivunjika mguu kwenye barafu, wanawake wa kanisa hupika chakula cha oveni: tambi, nyama ya kusaga, supu nzito ya uyoga ya kopo, vyote vimeokwa pamoja ndani ya bakuli la kioo. Mabakuli yote ya Tunby yanafanana, kwa sababu mji una duka moja la vyombo. Hivyo kila mama hukata kipande cha utepe wa karatasi, akaandika jina lake, akakibandika chini ya bakuli. Utepe ukitoka, balaa. Hakuna atakayenyoosha mkono aseme, "Hili langu," kwa kuwa kusema hivyo ni sawa na kumwita mwenzako mwizi ndani ya nyumba ya Mungu.

Utepe wa zamani ulikuwa wa mpira wa asili na utomvu wa misonobari. Ulishika, hilo halina ubishi. Lakini ukiingia kwenye oveni uliungua, ukagandamana na kioo, na haukutoka tena hata kwa kisu. Mpaka leo kuna mabakuli yanayozunguka Tunby yakiwa na majina ya marehemu.

Ndipo, mwaka 1977, kiwanda kikamleta Daktari Geller, mwanamke mfupi kutoka New York mwenye sauti ya kuuzia samaki, apike gundi ya aina mpya kutoka kwenye mapipa ya dawa badala ya mpira. Siku ya kwanza alimwonyesha Ardis mchoro wa nyuzi ubaoni.

"Hii ndiyo polima," alisema. "Chembe moja imeshikana na mwenzake, naye na mwenzake, maelfu kwa maelfu, mpaka inakuwa uzi mmoja mrefu. Gundi yote ni nyuzi hizi zimelala pamoja, zimepitana juu na chini."

Ardis akautazama mchoro. "Yaani tambi."

"Tambi, ehe."

"Zimepikwa au mbichi?"

Daktari Geller akafikiri. Hakuna profesa aliyewahi kumuuliza hivyo. "Zimepikwa," alisema. "Zikiwa mbichi ni plastiki ya ndoo."

Kuanzia siku hiyo walielewana. Gundi ya daktari, hata hivyo, ilikuwa na kiburi. Nyuzi zake zilikuwa ndefu mno na zilisongamana kiasi kwamba hazikutaka kusogea. Ukiubandika utepe ukutani ilibidi uusukume kwa kiganja na kuusihi, ndipo gundi iingie kwenye vijishimo vidogo vya ukuta na kushika. Kushikilia, mia kwa mia. Kunasa, sifuri. Walihangaika mwaka mzima.

Aliyepata jibu ni Ardis, jikoni kwake. Tambi ndefu hazijazi pembe za bakuli. Hukaa katikati zimejikunja kama paka. Ukitaka zijaze pembe, zivunje kabla ya kuzipika. Jumatatu akaingia ofisini kwa daktari, akasema, "Zivunje."

"Nini?"

"Tambi. Fupisha nyuzi. Zitatambaa zenyewe."

Dawa ya kukatisha nyuzi zisirefuke ilikuwepo kabatini. Wakaongeza. Mchanganyiko wa arobaini na moja ulipotoka, Ardis aliweka dole gumba juu yake, akaliinua, na gundi ikalifuata juu kidogo kabla ya kuliachia, na akahisi mshtuko mdogo hadi kwenye kiwiko. Hakufumba macho safari hii. Alitazama dirishani kwenye theluji na kuwaza kwamba ana miaka hamsini na mmoja na kwa mara ya kwanza duniani kuna kitu kilichotoka kichwani mwake. Wapishi wa gundi wakaanza kukiita "gundi ya Ardis." Yeye alikuwa akisema, "Aa, acheni hayo," lakini alikuwa akipita karibu na pipa bila sababu ili ayasikie.

Ilibaki kujua kama utepe unavumilia joto. Waliosubiri kuununua walikuwa mafundi wa rangi za magari, ambao hubandika utepe, hupaka gari, kisha huliingiza zima zima kwenye oveni rangi ikauke. Na oveni ya chumba cha majaribio ilikuwa imekufa tangu Novemba, ikingoja kipuri ambacho kila wiki kilisemekana kimeshaondoka Chicago.

"Tungoje," alisema Daktari Geller.

"Kwa nini tungoje?" alisema Ardis. "Mimi nina oveni thelathini na mbili."

Akaeleza kuhusu wanawake wa kanisa na mabakuli yao. Daktari alifurahi mno. Alikokulia yeye, ukiwapa wanawake thelathini na wawili kitu kibovu utasikia malalamiko thelathini na mawili kabla hujafika mlangoni, na sitini na manne kesho yake. Hakuwa na sababu ya kushuku. Ardis ndiye aliyepaswa kushuku, kwa kuwa alizaliwa pale pale na yeye mwenyewe alikuwa amekula vyakula vya aina yake maisha yake yote. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Ardis alikuwa na kiu ya sifa ya miaka ishirini na miwili.

Akagawa utepe kabla ya Krismasi. Kuanzia Januari, kila baada ya ibada, alipita na daftari.

"Bibi Borghild, utepe unaendeleaje?"

Borghild Aamodt alikuwa na miaka sabini na minane na ndiye aliyetawala jiko la kanisa. Mchungaji mwenyewe alibisha hodi kabla ya kuingia. "Utepe?" alisema. "Unaendelea."

"Haukusumbui?"

"Mimi? Nisumbuliwe na utepe? Mwanangu, mimi nimelea watoto saba."

Ardis akaandika: hakuna malalamiko. Akamwendea LaVonne Skogstad, rafiki yake tangu shule ya msingi. LaVonne akasema, "Ardis, unashika ajabu. Kweli tupu." Akaandika. Wa tatu akasema hajawahi kuona utepe kama ule. Wa nne akasema rangi yake inapendeza. Ikawa hivyo Februari, ikawa hivyo Machi. Daftari likajaa, na meneja akapanga Jumatatu ya tatu ya Machi Ardis atie saini, na pipa kubwa lipikwe. Aliyetia saini ndiye aliyeubeba utepe. Ukianguka kwenye gari la mtu, jina lililoanguka ni lake.

Siku mbili kabla ya hiyo Jumatatu walimzika mzee Selmer Brekke, aliyefariki akiwa na miaka tisini, usingizini, bila kumsumbua mtu, kama ilivyotarajiwa kwa mtu wa familia yake. Baada ya maziko watu walishuka kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa kula. Mabakuli yalikuwa ishirini na saba, yote ya chakula cha moto, na mengine yalikuwa yamekaa kwenye oveni za kanisa tangu asubuhi ili yasipoe. Walipokwisha kula, Ardis akakunja mikono ya sweta na kusimama kwenye sinki kuosha.

Bakuli la kwanza alipolishika kwa chini, kitu kikateleza chini ya vidole vyake kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Akadhani ni mabaki ya supu. Akaosha la pili, likateleza. La tatu, na hivyo hivyo mpaka la mwisho. Alipoondoa kizibo cha sinki maji yaende, hayakwenda. Akaingiza mkono. Tunduni palikuwa na rundo la karatasi laini, na juu ya rundo, kwa mwandiko mzuri wa shule ya Jumapili, majina: Gudrun, Thora, B. Aamodt, Thora tena.

Ardis akasimama pale, maji yakimtiririka hadi kwenye kiwiko. Wazo lake la kwanza halikuwa gundi. Wazo la kwanza lilikuwa: sasa watajuaje?

Akageuka atazame. Mabakuli yote yalikuwa yamepangwa mezani, masafi, hayana utepe hata mmoja, na wanawake wameyazunguka wakiwa na makoti mkononi.

"Chukua kwanza, Thora."

"Aa, hapana, tangulia wewe."

"Mimi sina haraka."

"Hata mimi."

Kisha Thora, kama mtu anayetafuta kitu kingine kabisa, akainua bakuli kidogo upande mmoja, akachungulia chini, akalichukua. Gudrun akainua, akachungulia, akarudisha, akainua la pili, akalichukua. Hakuna aliyebishana na hakuna aliyekosea. Ndani ya dakika kumi meza ilikuwa tupu isipokuwa bakuli moja, na hilo lilikuwa la Ardis.

Bibi Borghild alikuwa mlangoni, bakuli kwapani. Ardis akamwendea, akafanya jambo ambalo halijawahi kufanywa Tunby tangu mji uanzishwe. Alilichomoa bakuli kwapani mwa Bibi Borghild bila kuomba, akaligeuza. Chini yake palikuwa pameandikwa BORGHILD, kwa rangi ya kucha, nyekundu ya kuwaka.

Borghild hakuwa amewahi kupaka kucha rangi katika uhai wake.

"Ni ya mjukuu," alisema Borghild, akitazama koti lake.

"Tangu lini, bibi?"

"Ilikuwa imebaki kidogo tu kwenye chupa. Niliona isiharibike."

"Bibi Borghild. Tangu lini?"

Borghild akafunga vifungo vyote vya koti, kimoja kimoja, kuanzia chini. "Tangu wiki ile ya Krismasi," alisema. "Ila utepe nao naubandika, Ardis. Kila mara. Naubandika juu yake, nisije nikakuvunja moyo."

Ardis alirudi nyumbani akiwa na hasira na aibu, na hakujua ipi ni ipi. Palmer alikuwa gereji. Akamuuliza, "Na wewe? Nilikupa utepe wa kuandikia makopo ya misumari. Unashika?"

Palmer akaitazama rafu iliyokuwa juu ya jiko la kuni. "Niliuacha Januari," alisema. "Yanayokaa juu ya jiko yote yalidondosha majina."

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza leo."

Jumapili baada ya ibada hakupita na daftari kanisani. Alipita nyumba kwa nyumba, theluji magotini, akagonga na kusema, "Nimekuja kuangalia chini ya mabakuli yako." Ni kama kumwambia mtu umekuja kukagua nguo zake za ndani. Lakini kumfukuza mgeni pia hakuwezekani, hivyo kila mlango ulifunguliwa, kila kabati likafunguliwa, na kila mama akasimama kando akiongea habari za hali ya hewa wakati Ardis amepiga magoti kwenye sakafu ya jiko lake. Aliona rangi ya kucha nyekundu, ya pinki, na moja ya zambarau ya binti anayesoma chuo. Aliona plasta ya hospitali. Kwa mke wa mchungaji aliona jina limechongwa kwenye kioo kwa msumari. Karibu kila mahali utepe wake ulikuwa umebandikwa juu kwa heshima, umeteleza upande, umeacha ute wa gundi nyuma yake kama njia ya konokono.

Mwisho akafika kwa LaVonne. Hakuvua hata viatu, akakaa kwenye ngazi ya mlangoni na kulia.

"Hata wewe," alisema. "Wao sawa. Lakini wewe, LaVonne, shoga yangu wa miaka arobaini na tano. Ulisema kweli tupu."

"Nilisema kweli tupu."

"Usinifanye mtoto."

LaVonne akaingia ndani, akarudi na bakuli, akaligeuza mbele ya uso wake. Utepe ulikuwa umekaa pale pale, pembe zote nne zimelala, jina limenyooka. Ardis akaushika kwenye ncha, akauvuta. Ukatoka wote, mzima, bila kuacha doa.

"Mbona huu..." Ardis akafuta pua. "Umebandika lini?"

"Kabla ya Krismasi. Mimi sijui mambo ya gundi yenu. Mimi huleta jeli ya kijani yenye karoti, unajua. Bakuli langu halijawahi kuona oveni. Linatoka kwenye friji, linarudi kwenye friji."

Ardis akaacha kulia kama bomba lililofungwa. "Sema tena."

"Linatoka kwenye friji, linarudi..."

Lakini Ardis alikuwa ameshafungua daftari. Wa jeli, wa saladi ya viazi, wa kachumbari ya kabichi. Akahesabu kwa kidole. Mabakuli tisa ya baridi, na yote tisa yalikuwa na jina. Ishirini na matatu ya moto, na yote yalikuwa na konokono. Katika wanawake thelathini na wawili, tisa walikuwa wamesema kweli, na hakuna aliyeweza kuwatofautisha na wale wengine, kwa kuwa wote walitumia maneno yale yale.

Jumatatu asubuhi meneja alikuwa ameweka karatasi na kalamu mezani. Daktari Geller alikuwa ameleta keki. Ardis akaketi, akalaza mikono juu ya meza, na kwa kuwa neno lenyewe hakuwahi kulitumia mbele ya watu, lilitoka dogo.

"Mbaya."

"Nini mbaya?" alisema meneja. "Keki?"

"Utepe. Utepe wangu. Ni mbaya." La pili lilitoka rahisi zaidi. "Kwenye baridi hauna mfano. Kwenye joto hauna haya."

Meneja akageukia dirisha. Wazazi wake walikuwa wa Tunby na hakujua pa kuweka macho. Lakini Daktari Geller alivuta kiti karibu. "Nipe namba," alisema. Ardis akampa: tisa, ishirini na tatu. "Na hawa ishirini na tatu walisema nini miezi yote hiyo?"

"Walisema ni mzuri."

"Wote?"

"Mmoja alisema rangi yake inapendeza."

"Kwetu ningekuwa nimeshapigwa na bakuli," alisema daktari. Akaisogeza keki kando. "Ni tambi, sivyo?"

"Ni tambi," alisema Ardis. "Nilizivunja mno. Tambi fupi hutambaa vizuri kwenye pembe, lakini hakuna kinachozishika zenyewe kwa zenyewe. Baridi ikiwepo zimetulia, unadhani zimeshikana. Zipashe moto, zinaanza kupishana, kila moja inakwenda zake. Ndiyo maana utepe unateleza, na ukiuvuta gundi inakatika katikati, nusu inabaki kwenye kioo."

Hakuna aliyetia saini siku hiyo, na keki ililiwa bila maneno mengi. Ardis alikwenda chooni akaosha uso. Aliogopa kwamba akirudi chumba cha majaribio wapishi watakuwa wameacha kuiita gundi ya Ardis. Walikuwa bado wanaiita, ila sasa kwa sauti ya chini, na hiyo ilimuuma zaidi.

Ilibidi wazirefushe tena nyuzi, ila si kama mwanzo, na kisha wazifunge mafundo. Daktari alikuwa na dawa ya hilo, matone machache kwa pipa: hushika uzi huu na ule na kuzifunga pamoja hapa na pale, ili hata zikipata moto zisiachane. Mara ya kwanza waliweka mengi. Ardis akaweka dole gumba, akaliinua, na gundi haikujua kama kuna mtu aliyepita. "Umesuka wavu," alimwambia daktari. "Hakuna uzi ulio huru kumsalimia mgeni." Wakapunguza. Mara ya pili ukanasa lakini pembe zikainuka kwenye joto. Wakaongeza tone moja. Mara ya tatu Ardis hakusema chochote. Aliusikia mshtuko ule mdogo, akaogopa kuuamini.

Kipuri kikafika Aprili. Oveni ikawashwa, utepe ukaning'inizwa mawe, saa mbili, nne, sita, haukusogea hata upana wa unywele.

"Tia saini," alisema Daktari Geller. "Mashine imesema sawa."

"Mashine haijawahi kuzika mtu," alisema Ardis. "Wiki nyingine tatu."

Mafundi wa magari walikuwa wamekubali kungoja mpaka Jumatano adhuhuri ya wiki ya tatu, na si zaidi. Jumatano ndiyo siku ya kikundi cha wanawake cha asubuhi, chini ya kanisa. Wote walikuwa wamepewa utepe mpya. Ardis akamimina kahawa vikombe vyote, akasimama mbele yao.

"Nina saa moja na nusu," alisema. "Sitaki kusikia neno zuri. Nimeshiba mazuri. Nataka mtu mmoja aniambie baya. Lolote. Hatutoki hapa mpaka nilisikie."

Thora akatazama saa. Gudrun akasema kwamba theluji mwaka huu imechelewa kuyeyuka. LaVonne akafungua mdomo kumsaidia, Ardis akamtazama, akaufunga. Dakika zikapita, na kahawa ikapoa kwenye vikombe. Ardis aliona wazi kwamba atatia saini gizani au hatatia kabisa, na kwamba watu hawa anaowapenda wangemwacha aanguke shimoni huku wakimsifia mwendo.

Ndipo Bibi Borghild akakisukuma kikombe chake katikati ya meza.

"Ardis," alisema. "Kahawa yako ni mbaya."

Mtu mmoja akavuta pumzi.

"Ni maji ya kusuuzia birika," alisema Borghild, na sauti yake ikapanda, si kwa hasira bali kwa mwendo, kama mkokoteni ulioachiwa kilimani. "Ilikuwa mbaya ulipoolewa na ni mbaya leo. Miaka ishirini na sita naimwaga kwenye ua lile pale la dirishani. Ua la tatu hilo. Mawili yamekufa."

"Matatu," alisema Thora polepole. "Na mimi nilikuwa nikimwaga."

"Mimi naona ina chumvi kidogo," alisema Gudrun. "Anaweka chumvi?" Na kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, akamgeukia LaVonne. "Na ile jeli yenye karoti, LaVonne, Mungu anisamehe, karoti inatafuta nini mle?" LaVonne akasema yeye mwenyewe haipendi, ni mama mkwe wake aliyemfundisha na aliogopa kuacha. Mke wa mchungaji akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, akaegemea ukuta.

Ardis alikuwa amesimama na birika mkononi, uso umemwiva. Ilimchoma. Alitaka kumwaga birika zima juu ya ua. Kisha akaelewa alichopewa.

"Na utepe?" aliuliza. "Bibi Borghild, utepe?"

Borghild alikuwa bado ana kahawa moyoni, na swali lilimkera. "Utepe umefanyaje? Utepe hauna neno. Unashika, unatoka, basi. Si tunaongea habari ya kahawa?"

Ardis akaenda kwenye simu ya ukutani jikoni, akakosea namba mara mbili kwa sababu ya machozi, mpaka Daktari Geller akapokea.

"Pika pipa," alisema Ardis. "Nakuja kutia saini."

"Una hakika? Wamesema nini?"

"Wamesema kahawa yangu ni mbaya. Miaka ishirini na sita."

"Ardis, hiyo inahusiana nini na gundi?"

Nyuma yake sauti zilikuwa zimepamba moto. Thora alikuwa amefikia kumsema mpiga kinanda wa kanisa.

"Wewe pika tu, Daktari," alisema Ardis. "Leo wanasema kweli."